Tuzo Moja, Waimbaji Wawili

Jumapili, alasiri.

Mvua imeanza watu wakiwa bado kanisani, na mpaka sasa ziwa halionekani kutoka dirishani kwangu. Nimekaa na chai ya tangawizi. Miguu inauma kwa kusimama jana kutwa, lakini moyo ni mwepesi kwa namna ambayo siielewi vizuri. Naandika ili nielewe.

Jana tulitoa tuzo.

Kwa mgeni wa ukurasa huu: hapa Musoma tuna tuzo ya heshima ya maisha kwa wanamuziki wa huku kwetu Mara. Mimi ni katibu wa kamati. Kiti hicho nimekirithi kwa marehemu mama, maana yeye na wenzake, wauza dagaa wa sokoni, ndio walioianzisha, ingawa siku hizo hakuna aliyeiita tuzo.

Ilikuwa hivi. Mpiga gitaa la besi wa bendi waliyoipenda ujanani aliumwa akalazwa. Wakaenda kumwona, wakamkuta amejifunika koti lake, anatetemeka. Mama yangu alikuwaga na mdomo. Walipotoka wodini akawaambia wenzake, "Huyu ametuchezesha kwenye harusi zetu zote. Akifa tutagombania maiki tumsifu. Kwa nini asisikie mwenyewe?"

Wakanunua blanketi zito, wakarudi nalo, wakazunguka kitanda. Kila mmoja akamwambia ni wimbo gani aliucheza, siku gani, akiwa na nani. Mzee akalia, na wao wakalia. Alipona, akaishi miaka mingine mingi akitangaza kwamba aliponywa na maneno ya wauza dagaa.

Mwaka uliofuata wakapeleka blanketi kwa mpiga ngoma mmoja karibu na Butiama. Alipoona wanawake wengi waliovaa vizuri wanaingia uani kwake, akaanza kuomboleza, akidhani wameleta taarifa ya msiba. Wa tatu alikuwa mpuliza tarumbeta wa Kiabakari aliyekuwa amegeuka fundi wa kuezeka. Walimkuta juu ya paa. Akawaambia wamsifu tu wakiwa hukohuko chini, yeye anamalizia bati. Wakamsifu hivyohivyo, shingo zikiwauma.

Baadaye wakaja wafadhili, ukumbi, na mwenyekiti anayejua taratibu. Blanketi likaondolewa, ati linafanana na msaada wa mafuriko. Sasa tunatoa kioo kilichochongwa jina. Ikawekwa na kanuni: mtu mmoja kila mwaka, awe hai. Mama hakupinga. Alisema tu, "Haya. Lakini kioo hakimfuniki mtu."

Mwaka huu kamati ilimchagua Bibi Wakuru wa Buhare, mwimbaji wa bendi ya dansi ya zamani. Aliyekulia huku hawezi kusema haijui sauti yake. Nilikwenda mwenyewe kumpa habari, nikijua atafurahi. Aliendelea kuparua sato wake, halafu akaniuliza:

"Na Nyangeta?"

Nilikuwa simjui. Ndipo akanieleza. Kwenye kila wimbo wake tunaoupenda kuna sauti mbili, na ya pili ni ya Nyangeta. Waliimba pamoja miaka yote ya bendi. Kisha Nyangeta akaolewa na mkulima wa pamba upande wa Bunda, akaokoka, akaacha dansi. Siku ya harusi, Wakuru alimwambia mbele za watu kwamba anakwenda kuizika sauti shambani. Hawakuongea tena. Wamezeeka hivyo, kila mmoja kwake.

"Mwanangu," akaniambia, "wewe sauti yangu peke yake hujawahi kuisikia. Umesikia yetu. Mkampe yeye kwanza, ndipo mje kwangu."

Nilimfikishia mwenyekiti. Akasema kanuni ni kanuni, na kioo kimeshachongwa. Hakusema kwa ubaya. Ni mtu anayeogopa kwamba mlango ukiachwa wazi kidogo, wote wataingia.

Basi nikaenda Bunda bila kuaga kamati.

Nilimkuta Bibi Nyangeta kivulini nyuma ya nyumba, anachambua pamba. Mwembamba, mgongo umenyooka. Nikapiga goti, nikamwamkia, nikasema nilikotoka na aliyenifanya nije. Mikono yake iliendelea na kazi.

"Nyimbo hizo nilizitubia," alisema.

Nikamwambia, "Sikuja kwa ajili ya nyimbo, bibi. Kuna mtu anakataa heshima mpaka na wewe uheshimiwe."

Hapo mikono ikasimama.

Aliniuliza mengi kuhusu mwenzake, na hakuna hata swali moja la muziki. Bado anaona vizuri? Nikasema hapana, macho yana ukungu siku hizi, watu wa mbali hawatambui. Nani anamchotea maji? Watoto wake wanamkumbuka? Nilijibu niliyoyajua. Akanipa viazi vya kuchemsha, nikala, akanisindikiza mpaka barabarani. Hakuniahidi kitu.

Kwa Bibi Wakuru nilisema ukweli: nimefika, nimemwona, sijui kama atakuja. Akasema yeye atakuja kwa sababu watu wameshaalikwa, lakini kioo hatakipokea. Atasema hivyo hivyo kwenye maiki.

Wiki nzima sikulala vizuri. Niliona aibu itakayotupata, kisha nikajionea aibu mwenyewe kwa kuwaza aibu ya kamati kabla ya huzuni ya bibi.

Jana ukumbi ulijaa. Hotuba zilikuwa ndefu na mimi nilikuwa natazama mlango tu. Hotuba ya mwisho ilipokuwa inamalizika, waliingia akina mama wenye sare ya kwaya, vitenge vya kijani, vumbi mpaka magotini, kwa kuwa gari lao liliharibika njiani. Katikati yao alikuwa Bibi Nyangeta. Wakakaa viti vya nyuma kabisa. Mama mmoja wa kwaya aliniambia baadaye kwamba bibi alikuwa ameenda kwa mchungaji kuuliza kama ni dhambi kuja, na mchungaji akamjibu kwamba dhambi ni kutokuja.

Bibi Wakuru aliitwa mbele. Kwa macho yale, hakuwaona walioingia.

Akashika maiki. "Wimbo huu una sauti mbili," alisema. "Nawaimbia moja, msikie inavyopungukiwa. Mkishasikia, mtajua kwa nini hicho kioo sikichukui."

Akaanza. Sauti ilipanda, ikatetemeka, ikakatika. Mwenyekiti alikuwa anatazama viatu vyake. Akaanza tena, ikakatika palepale.

Ndipo kutoka nyuma:

"Umeanza juu mno."

Bibi Wakuru akageukia sauti ilikotoka. Maiki ikashuka mpaka kifuani.

"Shusha," sauti ikasema tena. "Utaumia koo."

"Njoo ushushe mwenyewe," akajibu Bibi Wakuru.

Watu walicheka, halafu wakaacha kucheka. Bibi Nyangeta alipita katikati ya viti polepole, akafika, akamshika mwenzake mkono. Wakaongea kidogo kwa lugha ya nyumbani, mbali na maiki. Kisha Bibi Wakuru akaanza chini, na Bibi Nyangeta akaingia. Hakutamka neno hata moja. Aliimba sauti ya pili kwa kuguna, midomo imefungwa, kwa sababu maneno aliyatubia.

Sauti hakuitubia.

Sitadanganya kwamba iliimbwa vizuri. Walipotea pumzi, wakasubiriana, wakaendelea. Lakini wimbo ule nimeusikia tangu nikiwa mgongoni kwa mama, na jana ndiyo mara ya kwanza kujua kilichokuwa kinanishika ndani yake.

Mwenyekiti akasogea na kioo. Bibi Wakuru akakipokea, akampa Nyangeta. Nyangeta akampa mama wa kwaya amshikie.

Kwaya ilirudi Bunda bila yeye. Asubuhi hii nimepiga simu Buhare kuuliza wameamkaje. "Piga baadaye, mwanangu," Bibi Wakuru akasema, "tunabishana." Nyuma yake nikasikia mtu anacheka. Sijui kama waliombana msamaha. Nilitaka kuuliza, nikajizuia.

Sasa hivi mwenyekiti ameniandikia ujumbe. Ukumbini kuna ubao wenye majina ya wote waliowahi kupewa, na anauliza mwaka huu tuandike nani. Mtu huyu huwa haulizi, huwa anasema. Nimemjibu: wawili. Amejibu kwamba mstari ni mmoja na ni mfupi. Nimemwambia herufi huwa zinabanwa. Ameona.

Kesho naamka mapema kumtafuta fundi wa maandishi, kabla mwenyekiti hajarudi kusoma kanuni.