Vigingi Ishirini na Viwili vya Uwanja wa Stesheni

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Thika
Jumatano, tarehe 9 Oktoba 1957, saa nne na dakika kumi asubuhi

Jina: Kamene wa Muthoka
Umri: Miaka thelathini na minane (Koplo alikuwa ameandika arobaini na mitano; shahidi ameomba irekebishwe)
Kazi: Kupika na kuuza muthokoi (mahindi yaliyokobolewa na maharagwe), kusuka viondo (vikapu)
Makao: Majengo, Thika. Nyumbani kwao ni Matungulu, Machakos

Sikuitwa na polisi. Nimekuja mwenyewe kwa miguu, na nimengoja kwenye benchi lenu tangu saa moja na nusu. Nimekuja kwa sababu ya Gichuru, fundi wa baiskeli, ambaye yuko ndani ya seli ya kituo hiki tangu jana. Anadaiwa kung'oa vigingi vya kamati ya mji. Hakuving'oa. Niliving'oa mimi. Koplo Philip Wafula, anayeandika, ameniambia nisirukeruke, nianze mwanzo. Basi naanza mwanzo.

Mimi napika katika uwanja ulio kati ya stesheni ya gari la moshi na maduka ya Wahindi. Huu ni mwaka wa sita. Tuko wanawake kumi na wanne pale, Wakamba na Wakikuyu, na Gichuru anatengeneza baiskeli upande wa juu, karibu na mti wa mkaratusi. Watu wa viwandani wanakula kwetu saa sita. Uwanja ule sisi ndio tunaoufagia. Kila Jumamosi asubuhi tunafanya mwethya, yaani kazi ya pamoja, kila mtu na ufagio wake, na hakuna anayelipwa.

Mnamo tarehe 26 Septemba, siku ya Alhamisi, saa tisa alasiri, kamati ya mji ilifanya mkutano katika ukumbi ulio nyuma ya posta. Sisi wa uwanjani tuliruhusiwa kusimama nyuma. Mwenyekiti, Mzungu, alisema mji umekua, na mabwana wanaotoka Ruiru na mashamba ya Makuyu hawapati mahali pa kuweka motokaa zao. Alisema kila siku motokaa arobaini zinazunguka mjini bila nafasi, na nyingine zinarudi Ruiru bila wenyewe kununua kitu. Kwa hiyo kamati inataka kujenga nyumba ya magari, ya mawe, yenye paa, pale uwanjani petu. Sisi tutatafutiwa mahali pengine. Hakusema ni wapi.

Niliinua mkono. Nilikuwa na kiondo changu, hiki hapa. Mimi nikingojea chungu kichemke huwa nasuka, na nikisuka nahesabu. Mama yangu alihesabu siku za mvua hivyo hivyo. Mstari mmoja mweupe ni siku moja. Kila motokaa inayosimama mbele ya maduka natia uzi mwekundu. Nilianza mwezi wa Julai, kabla sijasikia habari ya nyumba yoyote, kwa hiyo asije mtu akasema nilianza kwa ubishi. Siku iliyojaa kuliko zote ni Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa nane. Nyuzi kumi na saba, kutwa nzima. Na hata hizo kumi na saba si motokaa kumi na saba, kwa sababu ile ya kijani ya mwenyekiti mwenyewe imo mara tatu. Alisimama benki, akaiwasha akasimama posta, akaiwasha tena akasimama kwa muuza nyama. Kutoka benki hadi kwa muuza nyama mimi nakwenda na debe la maji kichwani bila kupumzika. Nilimwambia mji huu una nafasi, ila mabwana hawataki kutembea.

Watu walicheka. Mwenyekiti naye alicheka, akasema kiondo ni kizuri, akauliza bei. Nilimwambia hakiuzwi.

Hapo ndipo Gichuru aliposimama. Alisema, "Bwana, magari yakijengewa nyumba ya mawe, sisi tunaolala watu wanane chumba kimoja tutajengewa lini?" Hakuongeza lingine, akakaa. Karani aliandika jina lake kwenye karatasi. Langu halikuandikwa, ingawa nilisema maneno mengi kuliko yeye.

Mwenyekiti alifunga mkutano kwa kusema hakuna kitakachofanywa kabla ya mwezi wa Januari, na kabla ya lolote sisi tutaambiwa kwanza. Nilimwamini. Hapo ndipo nilipokosea, na nataka liandikwe hivyo.

Sasa naeleza kuhusu vigingi. Uwanjani kwetu tuna amri moja ambayo hata mgeni wa jana anaijua. Nafasi ni ya aliyewahi, akaikalia. Huwezi kuweka jiwe, wala gunia, wala kigingi, halafu urudi kulala. Ukiweka kigingi kitang'olewa, na kuni zitakwenda kwa mwenye chungu kikubwa. Mwenye chungu kikubwa ni mimi. Askari wa soko, Musau, anaijua amri hiyo, maana dada yake alishawahi kung'olewa vigingi viwili mwaka jana, akanuna wiki nzima.

Mnamo Jumamosi tarehe 5 Oktoba, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tulifika kufagia. Tulikuta vigingi kila mahali, vimechongwa vizuri, vimepakwa chokaa kichwani. Jana yake tulipoondoka havikuwapo. Lazima vilipigwa jioni baada ya sisi kuondoka. Nilisema, "Nani huyu mchoyo anayetaka uwanja mzima?" Mmoja wetu akasema labda ni wale wauza viazi wa Witeithie, ambao wamekuwa wakituchungulia tangu mwezi wa nane. Ndivyo tulivyofikiri. Kamati ilikuwa imesema Januari.

Koplo ameniuliza mmoja wetu huyo ni nani. Sitamtaja. Aliyeshika kigingi cha kwanza ni mimi, na nilivihesabu vyote vikitoka. Ishirini na viwili. Vilikuwa vya mti wa mtarakwa mkavu, na vinawaka vizuri. Ishirini vilipika muthokoi wa Jumamosi. Karani wa kamati alituma sufuria yake saa sita na nusu kama kawaida, akala, hakulalamika.

Viwili vilivyobaki nilimpa Gichuru kwa mkono wangu, kama saa mbili asubuhi, alipofika. Alikuwa akilalamika baiskeli zinaanguka akizisimamisha. Alivipiga chini karibu na mkaratusi wake, akaegemeza baiskeli ya kasisi. Hakuuliza vimetoka wapi. Mtu akipewa kuni haulizi.

Jumatatu tarehe 7 Oktoba wapimaji wa kamati walirudi na minyororo yao ya kupimia, wakakuta uwanja umefagiliwa. Jana Jumanne, saa nne asubuhi, polisi wawili walikuja na Musau. Waliona vile viwili vyenye chokaa kwa Gichuru. Mmoja alitoa karatasi mfukoni, akasoma jina lake kabla hajamuuliza anaitwa nani. Wakamfunga mikono. Mimi nilikuwa nimekwenda mtoni kuchota maji. Nilipofika nilikuta baiskeli tatu zimelala chini na yeye hayupo.

Nimeambiwa Gichuru aliulizwa nani alimpa vigingi, akanyamaza. Najua kwa nini alinyamaza. Anajua nina watoto wanne na mume wangu Muthoka alishakufa. Lakini yeye naye ana mke, Ngendo, kule Mugutha kwenye shamba la kahawa, na mtoto wa miezi mitatu, na mpaka sasa Ngendo hajui mumewe amelala wapi. Gichuru alitoka mwaka jana kizuizini, kule walikofungiwa Wakikuyu kwa habari ya Mau Mau. Mkimrudisha huko kwa ajili ya vigingi viwili nilivyompa mimi, sitaweza kupika tena nikatazama ule mkaratusi. Jana sikulala. Nina hasira, Koplo, na sijui niiweke wapi.

Koplo amesema, "Mama, Gichuru alisema maneno makali mkutanoni." Nimejibu kwamba mimi nilisema makali zaidi, na polisi walipita kando ya chungu changu kumfuata yeye. Gichuru ni Mkikuyu, mimi ni Mkamba. Tofauti kati yetu ni hiyo tu. Koplo ameacha kuandika kidogo. Nimemwambia aandike, naye ameandika.

Koplo ameniuliza kama nilijua vigingi ni vya kamati. Sikujua. Ameniambia kwa upole kwamba hilo linanisaidia, na inatosha kuishia hapo. Ni kijana mwenye heshima, na nimemshukuru. Lakini mtu asije akasema Kamene aliponyoka kwa sababu ya ujinga. Ningejua, ningeving'oa vilevile. Ila nisingemgawia Gichuru, ningepika navyo vyote.

Ameniuliza pia kuhusu vigingi vipya vilivyopigwa jana jioni. Sijavigusa. Leo ni Jumatano. Kufagia ni Jumamosi.

Ameuliza kama nina ushahidi wowote. Majivu yapo. Musau yupo, aulizwe kama amri ya uwanja haijui, aulizwe mbele yangu. Na kiondo hiki, mtu yeyote anayejua kuhesabu na azihesabu nyuzi zake.

Nimesomewa yote haya kwa Kiswahili, na sehemu moja nimeomba irudiwe. Ni maneno yangu mwenyewe, hakuna aliyenifundisha wala kunituma, na sifuti hata moja.

(Alama ya kidole gumba cha kulia)
Kamene wa Muthoka

MAELEZO YA ASKARI: Mimi, Koplo Philip Wafula, nimeyaandika haya kwa Kiswahili na kumsomea shahidi, naye amekubali kuwa ni sahihi. Nilitaka kuchukua kiondo kiwe kielelezo. Shahidi amekataa, akisema hakijaisha na motokaa za leo bado hazijaingia. Nimehesabu mstari wa Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa nane mwenyewe: nyuzi nyekundu kumi na saba.

Saa saba mchana Inspekta ameyasoma maelezo na kumwita askari wa soko, Musau, ambaye amethibitisha amri ya uwanja. Saa kumi na dakika ishirini Inspekta ameamuru Gichuru atolewe. Ametoka, akaketi kwenye benchi kando ya shahidi.

Shahidi ameelezwa kwamba sasa yeye ndiye mshtakiwa, na kwamba atafika mahakamani Ijumaa tarehe 11 Oktoba kujibu habari ya vigingi. Amesema amesikia. Ameuliza milango hufunguliwa saa ngapi, ili awahi nafasi ya mbele.