Wimbo wa Njia ya Gitega

Kaka Shabani,

Amani iwe juu yako huko uliko. Ni mimi Mwajuma, yule aliyekuwa akikuitikia kwenye bendi. Tangu tulipokuzika sikuwa nimeimba hata neno. Sasa kuna jambo limetokea Gitega, na kama ungekuwa hai, ningekuwa nimeshafika gereji yako hapo Buyenzi, nimeinama nakusimulia huku wewe umelala chini ya gari la mtu, mikono imejaa grisi.

Kwanza habari za nyumbani. Mama Issa hajambo. Miezi ya mwanzo hakutaka redio iwashwe. Siku hizi anaiwasha mwenyewe. Mwanao Issa ndiye mwenye gereji sasa. Ana hasira za haraka kama zako, lakini gari likishatoka mikononi mwake halirudi.

Nimekuwa nikikumbuka wimbo ule ulivyozaliwa. Ilikuwa miaka ya vita. Kupanda mlima wa Bugarama ilikuwa mpaka upate msafara wa askari, na hata hivyo wengi hatukuthubutu. Mama yangu alikuwa Gitega, mimi niko hapa Bujumbura. Siku moja katikati ya mazoezi nikakwambia, "Kaka, mi naanza kuisahau ile njia." Hukunipa pole. Ulivuta kigoda, ukaniambia nikusimulie tangu tunapotoka mjini.

Nikakusimulia likizo zetu za utotoni, baba akitupakia kwenye lori lake. Milima inaanza, masikio yanaziba. Baiskeli za ndizi zinateremka kama zinafukuzwa. Ukungu wa Bugarama, akina mama wanakimbilia dirishani na kabichi zao. Halafu Muramvya, baridi inatufinya, sote tumejifunika turubai moja. Wewe ulikuwa unauliza tu: "Kisha? Baada ya hapo munafika wapi?"

Wiki iliyofuata ukaja na wimbo. Nilidhani utakuwa wa kilio, kumbe ni wa kucheza, gitaa linakimbia kama lori lililoona mteremko. Hakukuwa na neno la vita ndani yake. Nilipokuuliza sababu, ulisema vita kila mtu anaijua, njia ndiyo itakayosahaulika. Moyoni nilisema huyu mtu ana akili ya peke yake. Kwenye harusi za Buyenzi na Kamenge, watu waliokuwa hawawezi kufika hata nusu ya mlima walisafiri mpaka Gitega wakiwa wameketi kwenye viti vya kukodi. Nimewaona wazee wakifumba macho ili wasipitwe na kona.

Njia ilipofunguka ulikataa niende peke yangu. Uani kwa mama, ambaye macho yake yalikuwa yamekwisha, ulimwimbia wimbo wote. Alisikiliza ameshika magoti. Ulipomaliza akasema, "Mwanangu, umeimba vizuri. Ila umeruka Mubarazi."

Mwingine angecheka, apite. Wewe, ambaye wimbo wako ulikuwa unapigwa kila redio, ulimwomba radhi. Ukataka kujua mto huo ulikuwaje alipokuwa msichana, naye akakueleza walivyokuwa wakifua pale na kutandaza nguo kwenye mawe. Ukaanza upya, mara hii Mubarazi umo, na nguo zimo. Mama alifariki kabla mwaka haujaisha. Kaka, hilo sijui nikushukuru vipi. Nimejaribu mara nyingi, maneno hayatoshi.

Sasa la Gitega. Binti wa dada yangu ameolewa huko, tukapanda na Issa na mama yake. Ukumbini, kijana wa muziki akashika maikrofoni, akasema anatuwekea wimbo wa zamani sana, wa mababu, na mtunzi wake hajulikani. Nikamwona Mama Issa ameinamisha kichwa, anakunjakunja ncha ya mtandio wake.

Sijui nilisimama saa ngapi. Nilimwomba yule kijana maikrofoni kwa upole, nikasema, "Huu wimbo uko na mwenyewe. Anaitwa Shabani, fundi wa magari wa Buyenzi. Bibi yake ni yule pale."

Kisha mzee mmoja akainuka, akamwendea Mama Issa, akampa mkono kwa mikono yote miwili. Wengine wakafuata. Bibi harusi mwenyewe alishuka jukwaani, shela inaburuta chini, akaenda kumkumbatia. Kijana akazima mashine yake, akaniomba radhi, akasema basi niimbe mimi.

Nikamwambia siwezi, mi kazi yangu ni kuitikia. Ndipo wakaanza wao, ukumbi mzima, kutoka mjini na kupanda. Hata watoto waliozaliwa vita imekwisha wanaijua kila kona. Nami nikaitikia. Sauti ilikuwa na kutu mwanzoni, lakini ilifika. Na Mama Issa, ambaye miaka yote hiyo ulimbembeleza acheze akakataa, alicheza, mtandio umemwangukia mabegani, Issa anamtazama kama hamjui.

Lala, kaka. Mungu akupanulie kaburi lako na akufanyie wepesi safari yako. Nami nakuahidi: popote nitakapousikia wimbo huo, hata kwenye simu ya mtu sokoni, nitasimama niseme ni wa nani. Watoto watanichoka. Waache wanichoke.

Dada yako,
Mwajuma