Mayai ya Ngozi

Buseresere,
4 Februari 2024

Kwa Mayu, mama mkwe wangu,

Shikamoo. Habari za Shinyanga? Kaka yako aliyekupokea hajambo? Sisi huku ni wazima. Mwanao Masalu bado yuko duarani Nyarugusu, anachimba dhahabu, na mjukuu wako Ndaki ameanza darasa la kwanza. Simu zangu hupokei, ndiyo maana nimempa konda wa basi barua hii.

Mayu, tangu uondoke, kuku wetu wanataga mayai yasiyo na ganda. Ni ngozi tupu. Ukilishika linabonyea, na mengine yanapasukia kiotani. Wenye hoteli wamekataa kuyachukua. Majirani wanasema uliwafunga kuku ulipokuwa unaondoka. Mimi sitaki ugomvi, nakuomba tu ufungue ulichofunga.

Mwanao,
Justa

*

Shinyanga,
13 Februari 2024

Mama Ndaki,

Marahaba. Mimi mzima, ila miguu inauma tangu siku ile nilipokimbia kupitia shamba la mihogo, mawe yakinifuata.

Kumbe umenikumbuka kwa ajili ya kuku! Ulimwambia jirani yako Mariana kwamba umeniona nyuma ya nyumba nachoma mifupa na kuitwanga kwenye kinu, na kwamba macho yangu ni mekundu. Mariana akapiga yowe. Watu walipojaa uani nilikuangalia wewe, pale mlangoni, useme neno moja tu. Ukaangalia chini.

Mwenye kovu usidhani kapoa. Dawa ya mayai hayo naijua, lakini siitoi bure. Simama kanisani mbele ya watu wote, Mariana akiwepo, useme kwamba hukuniona nikiroga. Kabla ya hapo endelea kuokota ngozi, na mimi nitalala vizuri.

Mkweo,
Mama Masalu

*

Buseresere,
21 Aprili 2024

Shikamoo Mayu,

Pole na miguu. Nisikufiche, miezi hii miwili nimekaa kwa kiburi. Mganga amekula mbuzi wangu bure. Kuku sasa wanadonoa mayai yao wenyewe na kuyala, na watatu hawasimami, miguu imelegea. Kuku wakiisha sijui Ndaki atakula nini, maana Masalu hajaleta kitu kutoka duarani tangu Krismasi.

Leo nimesimama baada ya ibada. Nimesema, “Mama mkwe wangu sikumwona akiroga. Nilimwona akitwanga mifupa, sikumuuliza ni ya nini, nikaenda kusema kwa watu.” Nililia, Mayu. Mariana alitoka nje. Kama huamini, muulize katekista. Sasa nipe dawa.

Mwanao,
Justa

*

Shinyanga,
30 Aprili 2024

Mama Ndaki,

Marahaba. Katekista amenipigia, nimesikia.

Dawa ndiyo ile uliyoiita uchawi. Kuku anayetaga anatengeneza ganda karibu kila siku, na ganda haliji kwa pumba za mahindi. Asipopata chokaa anaitoa kwenye mifupa yake mwenyewe, ndiyo maana hao wako wamelegea miguu. Omba mifupa buchani, uichome mpaka iwe myeupe. Wachuuzi wa dagaa wakuletee makombe ya konokono kutoka ziwani. Twanga upate chengachenga, uweke kwenye chombo chake, kila kuku ajilie anavyohitaji. Maganda ya mayai nayo yanafaa, ila yakaange na kuyasaga. Ukiwapa yakiwa mazima watazoea kula mayai.

Miaka minane nilifanya hivyo, na wewe ukaokota mayai magumu bila kuuliza.

Limebaki sharti moja. Usijifiche nyuma ya nyumba. Twanga uani, mchana, kila mtu aone.

Mkweo,
Mama Masalu

*

Buseresere,
26 Mei 2024

Shikamoo Mayu,

Mayai yamekuwa magumu, asante. Kuku wawili kati ya wale watatu wamesimama.

Lakini moshi wa mifupa umeniumiza macho, yamekuwa mekundu kama yako. Jana Mariana alisimama kwenye ua, akaniangalia macho, akaangalia kinu, akaondoka bila salamu. Nawaeleza watu kwamba ni chakula cha kuku. Wanaitikia “Haya,” wanakwenda zao. Wanasema umenirithisha, na ndiyo maana nilikutetea kanisani. Ndaki hana wa kucheza naye.

Naogopa, Mayu. Panda basi uje uwaambie. Sina shahidi mwingine isipokuwa wewe.

Mwanao,
Justa

*

Shinyanga,
3 Juni 2024

Mama Ndaki,

Marahaba. Macho yakiwasha yaoshe kwa maji baridi, usiyasugue. Nafurahi kuku wamepona. Usiache kutwanga, maana ukiacha ngozi zitarudi.

Nimefurahi zaidi kusikia kwamba unaogopa. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Mwambie Masalu aniletee Ndaki asome huku, mtoto hana kosa. Wewe baki na kuku wako.

Siku Mariana atakapokuja na watu, utatafuta uso wa kuuangalia. Mimi nitakuwa huku Shinyanga, nimeangalia chini.

Mkweo,
Mama Masalu