Shokapu za Pikapu Yako

Baba Upendo, mume wangu,

Nakuandikia nikiwa na kutu kwenye kucha. Nimesugua kwa sabuni ya vyombo, haitoki. Kesho wazee ninaowahudumia kazini wataniuliza nimelima shamba gani.

Tumebadilisha shokapu za nyuma za pikapu yako. Mimi na binti yako.

Tangu tukuzike ilikuwa imekaa tu hapa nyumbani Malvern. Juzijuzi mchungaji alikuwa anatafuta mtu wa kubeba vitanda vya familia iliyofika kutoka Burundi, wamepata nyumba kule Mount Dennis, upande mwingine wa jiji. Kwa mazoea akapiga namba yako. Nikapokea mimi. Nikamwambia vitanda vitafika.

Lakini unajua ilivyokuwa inaruka ikipita kwenye shimo. Nikaipeleka gereji. Fundi akachungulia chini, akasema chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji imekula bolti zote, zitakatika, bora niiuze kama chuma chakavu. Nikarudi nalia njia nzima.

Upendo alinisikiliza, akaniambia kwa Kiingereza chake kwamba tutafanya wenyewe. Alikuwa hajaligusa gari lile tangu siku ya mazishi.

Tukaipiga jeki, tukaiweka juu ya stendi zako. Nilikumbuka ulivyokuwa ukilala chini pale, miguu tu ndiyo inaonekana, ukiibembeleza bolti kama mtoto aliyenuna: "Ipe mafuta, ipe muda." Basi tukapulizia mafuta ya kulegeza kutu, tukaenda kunywa chai. Tukapulizia tena. Upendo akagonga kwa nyundo, akachomeka bomba kwenye mkono wa spana, tukavuta pamoja. Upande wa kulia ukalia, ukaachia. Nilipiga kigelegele mpaka jirani akafungua dirisha.

Upande wa kushoto, bolti ya chini ilikatika. Kichwa kikaruka, mwili ukabaki ndani. Nikakaa chini kwenye saruji, nikasema basi, imekwisha. Nilihisi nakupoteza mara ya pili; kumbe, mume wangu, ni bolti tu.

Upendo akaja akakaa kando yangu. Akasema, kwa Kiswahili, taratibu, "Mama, Baba asingeiacha hivi."

Sijui ni lini mara ya mwisho aliniambia sentensi nzima kwa Kiswahili.

Akaenda kuazima grenda kwa yule jirani. Akavaa miwani yako, imemzidi uso. Cheche zilimwagika, mimi nimeshika ndoo ya maji nasali. Akakata kipande kilichobaki, akakigonga kikatoka. Tukafunga shokapu mpya, na bolti mpya tukazipaka grisi nene, ili atakayezifungua siku nyingine asiteseke.

Jumamosi tulipeleka vitanda. Mama wa ile familia alitushika mikono, hakuiachia. Akauliza gari ni la nani. Upendo akamjibu: "Ni la baba yangu."

Nimekukumbuka sana, Baba Upendo. Nyumba bado ina harufu yako kwenye kabati la makoti, na sijataka kuyafua.

Binti yako ameomba nimfundishe kuendesha pikapu hiyo. Nitakaa kando yake, na nakuahidi, hata akikata kona vibaya, sitapiga kelele wala kushika mlango.

Pumzika, mpenzi wangu. Sisi tupo barabarani.

Mama Upendo wako