Umeme Ulipokatika Kariakoo

Kariakoo, Jumapili, 30 Juni

Mjukuu wangu Saidi,

Leo nitakueleza yote, sitakuficha hata moja. Cheka ukitaka kwamba bibi yako yuko kidato cha pili. Mama yako ni binti wa kaka yangu, kwa hiyo shikamoo yangu naidai. Nyumbani wote wazima.

Uliuliza kama nimeisikia ile redio kongwe ya Ulaya, inayorusha kwa mawimbi marefu mno, ambayo watunzaji wake huiwasha mara chache tu kwa mwaka. Tulikuwa juu ya paa na Mwalimu Neema wa fizikia shuleni kwetu, na redio ya betri na fremu ya mbao tuliyoizungushia waya wa kunasia mawimbi. Saa ya kurusha ilipofika, tukasikia mikwaruzo mitupu.

"Binti, hapo unakaanga samaki?" akanitania jirani yetu fundi cherehani, aliyepanda kuchungulia.

Mara umeme ukakatika mtaa mzima. Watu wakaguna. Mimi nikaganda. Mikwaruzo ilikuwa imekufa, na katika ukimya ule zikasikika alama za Morse, ti-ti-taa, nyembamba lakini imara, kutoka mtambo uliojengwa kabla babu hajazaliwa.

"Mwalimu, ndiyo yenyewe!"

"Nyamaza, andika!"

Niliandika herufi tatu tu. Majenereta ya madukani yakanguruma, taa zikawaka, sauti ile ikapotea. Kumbe tulikuwa tunaifunika wenyewe, kwa kelele za umeme wa taa na chaja zetu!

Wewe hulalamika kwamba huko kwenu nguzo za umeme hazijafika. Saidi, nijibu upesi: mtambo ukiwashwa tena, utanipokea na waya wangu?

Bibi yako,
Zuhura