Kichanja cha Kahawa na Jibu Hasi

Mdogo wangu Neema,

Sijamwambia mtu mwingine: nataka kuwa mwalimu wa hesabu.

Huku Iyula sote wazima, kahawa inaiva. Uliuliza ile fomula ya milinganyo ya kipeo cha pili inasaidia nini. Juzi baba alitaka kichanja cha kuanikia kahawa, mita za mraba kumi, urefu uzidi upana kwa mita tatu. Upana nikauita x, nikaandika chini kwa kijiti: x² + 3x − 10 = 0. Fomula ikatoa mbili na hasi tano.

“Hasi tano tuichimbie shimo?” baba akacheka.

“Hiyo tunaiacha, baba. Upana mbili, urefu tano.”

“Mbili mara tano... kumi! Hebu nieleze tena.”

Neema, mimi niliyeogopa kujibu darasani nilieleza mpaka sauti ikakauka!

Matokeo ya mtihani wangu yakitoka nitamwambia baba mimi mwenyewe. Kwa sasa, tafadhali, hili la ualimu libaki kwako.

Dada yako,
Tumaini