Utabaki Garini

Mirella uko? Shoga, nimekwisha.

Si mume wangu Yashveer kapitishwa na chama kugombea ubunge? Sasa hivi katoka hapa mpiga debe wao, Gopaul. Kakaa jikoni kwangu anabugia bagia zangu, ananiambia, "Shemeji, Roche-Bois kwa Wakrioli wenzako, Wakristo, utapanda jukwaani, na msalaba wako shingoni. Ila Montagne-Longue kwa Wahindu, utabaki garini."

GARINI, Mirella!

Nikamwambia, "Miaka yote hii nimeolewa na Mhindu, leo nibaki garini?"

"Au uvae sari, usimame nyuma, usifungue mdomo. Ni siasa tu, shemeji."

Nikamtazama Yashveer. Anakoroga chai. Chai yake haina sukari, unajua, lakini anakoroga tu.

Halafu lile zee likamshika Anoushka wangu nywele. "Huyu kachukua kwa baba. Huyu tutakwenda naye kotekote."

Mtoto akanigeukia. "Mama, kwani wewe una kasoro gani?"

Yashveer bado anakoroga!

Usinipigie, nitalia. Nimeitoa ile sari ya mama mkwe. Naipiga pasi.